Wimbo wa Mwisho kwenye Kaseti ya Wale Jamaa

Nyinyi vijana mnaopita mbele ya kibaraza changu na vile vispika vyenu vya mkononi, mnapenda kuniuliza swali moja: Bibi, katika nyimbo zote mlizopiga kwenye bendi, bora ni upi? Mkishauliza, mnaanza kutazama simu kabla sijafungua mdomo. Leo kaeni chini, simu mfukoni. Nitajibu, lakini kwa mwendo wangu, maana nilikuwa mpiga bateria, na mpiga bateria ndiye anayeamua mwendo. Mwenye gitaa akitaka kukimbia, na akimbie peke yake. Atarudi tu.

Bateria ndiyo ile seti ya ngoma za kizungu: kubwa unayoipiga kwa mguu, ndogo ya vijiti, na toazi juu yake. Na ndiyo, niliipiga mimi, mwanamke wa Palma, mji wa pwani kusini ya mto Ruvuma, mtandio kichwani, kwa miaka mingi kuliko umri wa yeyote kati yenu. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, tuendelee.

Bendi yetu iliitwa Vijana wa Tungue, na iliendelea kuitwa hivyo hata kijana wa mwisho alipoota mvi masikioni. Nyimbo za kwetu wenyewe hatukuwa nazo. Tulikuwa na kaseti moja. Faki, mkuu wa bendi, mpiga gitaa na mwimbaji, aliivusha kutoka Mtwara ndani ya soksi, na harufu ya soksi haikuisha mpaka mwisho. Pande zote mbili zilijaa nyimbo za bendi moja ya zamani ya ng'ambo, watu weusi wenye nywele kama vichaka na suruali za bugaluu, pana chini kiasi cha kufagia barabara. Hivyo ndivyo tulivyowaona kwenye karatasi ya kaseti kabla haijafutika. Jina lao lilifutika pamoja na sura zao, kwa hiyo tuliwaita Wale Jamaa. Walipiga fanki na soul. Fanki inakushika kiuno. Soul inakushika hapa, kifuani, na ukikosa bahati haikuachii.

Mimi niliingia kwenye bendi kwa mlango wa uani. Nilikuwa mpiga ngoma wa unyago, na huko ndani wanaume hawakanyagi, kwa hiyo ngoma tunapiga wenyewe. Mpiga bateria wa Faki alikuwa amekwenda Pemba, mji wa kusini yetu na si kile kisiwa, kununua nyuzi za gitaa akaoa hukohuko. Siku moja Faki alipita nje ya ua wetu akasikia mkono wangu. Anaapa mpaka leo kwamba alisikia tu, hakuchungulia. Akaenda moja kwa moja kwa mume wangu Bakari, fundi cherehani, kuniombea ruhusa. Bakari hakuinua hata macho kwenye kitambaa.

"Kwani ninayepiga ni mimi?" akamwambia. "Kamuulize mwenyewe."

Mazoezi ya kwanza nilipiga kila kitu kilichokuwa mbele yangu, kwa nguvu zote, bila kupumua, nikidhani ndiyo kazi. Faki alisimamisha gitaa akasema, "Da Mwanacha, hiyo ngoma imekukosea nini?" Hapo ndipo nilipokumbuka tulivyofundishwa uani: mkono unapiga, lakini mkono pia unanyamaza, ili maneno ya somo yasikike. Fanki ni hivyohivyo, wanangu. Ipige ile ya kwanza kama unasimamisha nguzo ya nyumba, halafu waachie wenzako nafasi ya kukaa ndani.

Mengine nilijifunza kwa kuumia. Hewa ya bahari inakula toazi, basi kila baada ya shughuli nililifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi. Ngozi ya dukani ilipopasuka niliweka ya mbuzi, na siku za mvua niliipasha kwenye jiko la makaa kabla ya kupiga. Ndani ya ngoma kubwa nilisokomeza kapulana mbili kuukuu, zile nguo zetu za kujifunga kiunoni, la sivyo inalia kama debe. Na kwa kuwa ukiipiga kwa mguu inatambaa mbele kama inakutoroka, tulifungia bateria yote juu ya mlango. Mlango kweli, wa mbao, wa nyumba iliyovunjwa, na bawaba zake. Kila tulipoitwa tulikwenda na mlango wetu, na watoto wakaimba kwamba Vijana wa Tungue wamehama tena.

Sasa kuhusu kujifunza nyimbo. Kaseti tuliisikiliza kwenye redio ya Faki, na betri wakati ule zilikuwa adimu kuliko nyama. Ili tusizimalize bure, kanda tuliirudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikipata joto zinaamka kidogo, zinafanya kazi, zinalala tena. Tulifuata nyimbo kwa mpangilio wake, mmojammoja, na tulipofikia wa mwisho betri zilikuwa zilezile tulizoanzia. Ule wa mwisho tuliusikiliza mpaka tukaushika wote, na siku tulipoushika redio ikaimeza kanda. Tuliivuta kama matumbo ya kuku. Kaseti ikafa, nyimbo zikabaki vichwani mwetu.

Majina ya nyimbo hatukuyajua, lakini mji uliyapata. Yalianza na Bi Somoe. Alikuwa bibi harusi wa kwanza kuingia ukumbini kwa wimbo wetu, akaupenda mno. Harusi iliyofuata tukampigia bibi harusi mwingine wimbo uleule. Bi Somoe, hina bado mbichi mikononi, akainuka kwenye mkeka, akaenda kusimama katikati ya mlango akapanua mikono.

"Wimbo huu umeniingiza mimi," akasema. "Utaniingiza tena mimi, au hauingizi mtu."

Mlidhani kinamama wangemzomea? Walimpigia vigelegele. Tangu siku hiyo ikawa desturi ya Palma, na hakuna aliyeipinga: wimbo ukishamwingiza bibi harusi, ni wake, unaitwa kwa jina lake, na hakuna mwingine wa kuingia nao ila binti yake, mama akipenda. Wengine wote wataucheza, wataupenda, lakini mlangoni una mwenyewe. Bi Somoe aliolewa mara tatu, na mara zote aliingia na Wimbo wa Bi Somoe. Ile ya tatu sisi bendi tulifurahi kuliko bwana harusi, maana wimbo tulishauzoea.

Basi mkitaka nyimbo bora, hizi hapa, na msinipangie. Wimbo wa Atija ni wa ajabu, kwa sababu katikati muziki wote unakata ghafla. Kimya. Unahesabu moyoni, halafu wote mnarudi pamoja kama mmesukumwa. Siku tuliyoupiga mara ya kwanza, Atija alikuwa anaingia, mguu mmoja hewani, tukakata. Watu wakadhani jenereta imezima. Mwenye jenereta akatimua mbio kwenda kuipiga teke. Shangazi wa bibi harusi akaanza kulia kwamba ni nuksi. Na Atija, maskini, amesimama na mguu wake hewani kama korongo, anaogopa kuushusha. Tuliporudi, ukumbi mzima ulipiga kelele za furaha ambazo sijazisikia tena. Kile kimya nilijifunza kukipenda kuliko ngoma.

Na Wimbo wa Anjelina tuliupiga Diaca, kwa Wamakonde, baada ya kanisa. Besi yake inazunguka na kurudi palepale, haichoki. Kumbe wapiga ngoma wa mapiko, ile ngoma yao ya vinyago, walikuwa wamealikwa pia. Walinisikiliza kidogo, wakatazamana, wakaanza kunijibu. Nikawajibu. Wakanijibu. Anjelina akaingia, akakaa, akaona haya kukaa na wimbo wake bado unaendelea, akatoka, akaingia tena. Nadhani aliingia mpaka viatu vikamuuma. Mzee mmoja wao alinishika mkono baadaye akaniuliza ni mwanamume gani aliyenifundisha. Nikamwambia ni siri ya uani, akacheka, hakuuliza tena.

Sasa ule wa mwisho. Jamani, ule wa mwisho! Ulikuwa wa polepole kuliko nyimbo zote duniani. Unapiga ya kwanza, halafu unangoja, unangoja, unaweza kumimina chai, ndipo inakuja ya pili. Mwimbaji kwenye kaseti alikuwa na sauti nzito ya jitu linaloota, na Faki ili aifikie alikaza shingo mpaka mishipa ikasimama. Tulipoupiga mazoezini, Bakari aliacha cherehani yake, akaja kusimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Nilimtazama nikasema moyoni: huu ni wa Rukia. Rukia ni binti yetu wa pekee, wakati huo bado yuko shule. Niliwatangazia bendi hapohapo, na wakakubali, maana harusi za kukodi bendi zilikuwa za nadra, mwaka mwingine hata moja hakuna. Nani angefikiria nyimbo zitaisha?

Halafu gesi ikagunduliwa.

Sisi gesi tuliijua kwenye jiko la tajiri mmoja wa Mocímboa. Sasa tukaambiwa imelala chini ya bahari yetu, tele, inatungoja. Wakaja wageni, yakaja magari, ikajengwa kambi, na vijana wakaanza kuajiriwa udereva, ulinzi, upishi. Kijana asubuhi kapata kontratu ya kazi, jioni mshenga wake yuko mlangoni kwa watu. Harusi zikafululiza. Tulitoka na mlango wetu wiki hii, tukatoka wiki ijayo. Bwana harusi mmoja aliingia na kofia ngumu ya kazini, na alipoambiwa aivue alisema haiwezekani, ni sheria ya usalama. Nilicheka mpaka nikakosa toazi.

Lakini kila bibi harusi anaondoka na wimbo. Tulijaribu kupiga nyimbo za bendi nyingine. Bibi harusi akafika mlangoni, shangazi yake akasikiliza, akamgeuza akarudi naye kwenye gari. "Hataingia kwa wimbo wa watu wasiojulikana," akasema. Kana kwamba Wale Jamaa walikuwa binamu zake! Kaseti ikaliwa wimbo kwa wimbo, mpaka ukabaki mmoja tu.

Rukia sasa alikuwa mkubwa, mkalimani kule kambini, anarudi nyumbani siku za mapumziko. Mchumba hana na hatafuti. Jirani mmoja aliniambia, "Binti yako anaelewa lugha zote, ya mshenga tu ndiyo inampita." Niliumia, sifichi. Lakini nilijipa moyo: atakapokuwa tayari, wimbo wake upo.

Ndipo Faki alipokuja, anatazama miguu yake.

"Da Mwanacha, usikasirike. Ule wa mwisho nimeshaahidi. Salma, binti wa Bi Zubeda, anaolewa Jumamosi."

"Umeahidi cha nani?"

"Cha bendi."

"Cha bendi? Ule ni wa Rukia!"

"Epá, Da Mwanacha! Rukia hata mchumba hana!"

"Mchumba atakuja. Wimbo ukienda haurudi."

"Na Salma aingie na nini? Na filimbi ya polisi?"

Nilikasirika. Nilichukua vijiti vyangu, nikafungua na ile pedali ya mguu, nikaenda kuificha ndani ya sufuria ya wali. Bila pedali hakuna ngoma kubwa, bila ngoma kubwa hakuna fanki, na bila mimi hakuna yote mawili. Mji ukagawanyika siku hiyohiyo. Sokoni upande wa samaki walikuwa kwa Salma, kwa kuwa mama yake anakaanga samaki. Upande wa vitambaa walikuwa kwangu, kwa ajili ya Bakari. Wauza mihogo walisikiliza pande zote mbili na kuzichochea.

Kesho yake Salma mwenyewe alikuja kibarazani. Hakuja kugombana, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama ni wimbo, pole."

"Ni wimbo, mama. Sina kingine cha kuomba. Ukumbi upo, nguo Baba Rukia kanishonea. Niingieje? Nipite dirishani?"

Nikataka kumjibu kwa ukali, nikashindwa. Alikuwa msichana mzuri, nilimpokea mimi mwenyewe unyagoni. Nikamkaribisha chai. Tukakaa tukinywa chai tukilia, kila mtu na lake, yeye kwa harusi iliyopo, mimi kwa harusi isiyokuwepo. Bakari alishona tu, akitusogezea sukari.

Ndivyo Rukia alivyotukuta, begi begani, katoka kambini. Akatutazama, akaangua kicheko.

"Então, mama! Nani kafa?"

"Usicheke. Wanataka kukunyang'anya wimbo wako."

"Huohuo wimbo?" Akakaa chini akavua viatu. "Basi nisikilizeni. Juzi nilikuwa nauimba kambini, najiimbia tu. Kuna mzee mmoja fundi umeme, mgeni wa ng'ambo, akanisimamisha. Akaniuliza, mbona unauimba kama mgonjwa? Nikamwambia ndivyo ulivyo. Akasema hapana, mwanangu, huo nimeucheza ujanani mwangu mpaka soli ya kiatu ikatoboka. Akautoa kwenye telemóvel yake akanitumia kwenye simu yangu. Mwiteni Faki."

Faki akaitwa, akaja kwa tahadhari, akakaa mbali na mimi. Rukia akaweka simu juu ya cherehani, akabonyeza.

Ulitoka wimbo unaokimbia! Tarumbeta zinapishana, besi inaruka, ngoma zinatwanga kama wanawake watatu kwenye kinu kimoja, na juu yake sauti nyembamba, kali, inacheka.

"Si wetu huo," nikasema.

"Subiri kiitikio," akasema Rukia.

Kikaja kiitikio. Maneno yalikuwa yaleyale ambayo Faki ameyakariri miaka yote bila kujua maana yake. Faki akajishika koo.

"Mwanamke," akasema. "Ni mwanamke anayeimba! Miaka yote hii nimejiumiza koo kumwiga mwanamke!"

Bakari ndiye aliyetangulia kucheka. Alicheka mpaka sindano ikakatika ndani ya kitambaa. Kisha Salma, kisha wote, na Faki akaanguka kwenye mkeka akipiga teke hewani. Tulipopata pumzi, yeye na mimi tukatazamana na kusema neno moja kwa pamoja: "Betri!" Zile betri zilizoanikwa juani. Redio ilikuwa inakata roho, kanda inajikokota, na sisi tumekaa kwa adabu, tunajifunza mwendo wa redio inayokufa na kuupenda kuliko mingine yote.

"Wao wanakimbia, sisi tunatembea," akasema Bakari akifuta macho. "Hizo kwangu ni nyimbo mbili."

Salma akanishika mkono. "Mama, mimi naomba huo unaokimbia."

Lakini desturi ina wenyewe. Tulimwita Bi Somoe, ambaye sasa alikuwa mnene, mwenye heshima, na mume wake wa tatu alikuwa bado mzima. Alitaka asikilizishwe miendo yote miwili, ule wa simu na ule wetu. Nikatoa pedali kwenye sufuria ya wali, tukampigia palepale uani. Akasikiliza amefumba macho.

"Huyu mwanamke anawahi," akasema. "Yule mwanamke hana haraka. Hawa si mtu mmoja." Akafumbua jicho moja. "Na wangu mimi, hebu niambieni, mkiupiga polepole unakuwaje?"

Faki nusura ambusu. Mmeelewa? Kila wimbo una mwendo wa pili! Wimbo wa Atija ukiukimbiza ni wa mtu mwingine. Wa Anjelina ukiulaza ni wa mtu mwingine. Kwa neno moja la Bi Somoe bendi ilipata kaseti nzima mpya bila kuvuka Ruvuma.

Jumamosi Salma aliingia akikimbia. Hakutembea hatua hata moja. Alishika gauni kwa mikono yote miwili, akapita mlangoni kwa ule wimbo wa mbio, na mashangazi nyuma yake wakihema na kupoteza kandambili. Mguu wangu uliwaka moto. Bwana harusi alipigwa na butwaa, halafu akaanza kukimbia kumlaki, wakagongana. Bi Zubeda alikuja kunipangusa jasho kwa upande wa kapulana yake mwenyewe, na ugomvi wa samaki na vitambaa ukaishia hapo.

Nikadhani tumemaliza. Faki akanigeukia akasema, "Sasa wa polepole." Nikafikiri anataka kupumzika. Mara namwona Rukia ameshika kipaza sauti.

"Shikamooni wazazi," akasema. "Wimbo unaokuja umewekwa miaka mingi kwa jina langu. Nashukuru. Lakini mama yangu na baba yangu walioana ukimbizini, ng'ambo ya mto, wakati wa vita. Hapakuwa na ukumbi wala ngoma. Mama ameingiza mabibi harusi wote wa mji huu, na yeye mwenyewe hajaingia bado."

Ukumbi ukanyamaza kama kwenye Wimbo wa Atija. Mimi nikapiga kelele kutoka nyuma ya bateria, "Rukia! Mimi nipo kazini!"

"Kaa hapohapo, mama. Endelea na kazi."

Kumbe walishapanga, wote, na Salma akiwemo. Vijana wa kambini, wale wenye mabuti, wakaja wakashika mlango wetu wa mbao pande zote, wakauinua: mlango, ngoma, toazi, kigoda na mimi juu yake. Nilipiga mayowe. Wakanitoa nje kwenye jua, wakanigeuza. Na pale nje alisimama Bakari. Alikuwa amevaa suti mpya aliyoishona kwa siri, suruali ya bugaluu pana chini mpaka haionyeshi viatu, kama Wale Jamaa wenyewe. Mvi zake alizichana kwenda juu ziwe kichaka, lakini hazikutosha.

"Bi harusi," akaniambia, "umechelewa kidogo."

Nilipiga ile ya kwanza. Nikangoja. Nikapiga ya pili. Wakaniingiza, mlango ndani ya mlango, na Bakari akitembea ubavuni ameshika toazi lisianguke, na vigelegele vikanifunika hata Faki simsikii. Nilikuwa nalia na kucheka, na mwendo sikuupoteza. Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile wimbo nilikuwa najiwekea mwenyewe, na Rukia alilijua hilo kabla yangu. Huo ndio Wimbo wa Mwanacha. Ndio jibu la swali lenu.

Yaliyokuja baadaye, vita vilipoingia Palma, mnayajua, na hapa si mahali pake. Tuliondoka na tulichoweza kubeba, na bateria haikuwa kati ya vitu hivyo. Mlango nao ulibaki. Faki yuko Mtwara, amestaafu kama mimi, na koo limepona.

Rukia aliolewa Pemba, na mwalimu mmoja mpole, alipotaka yeye na si mji ulipotaka. Palikuwa na uwanja mdogo wa nyumba ya kupanga. Bendi hakuna, jenereta hakuna. Kijana mmoja mwema alijitolea kumpigia ule wimbo kwenye simu, nikamwambia asante, kaa nao. Nikachukua beseni la kufulia, nikaligeuza, nikakaa mlangoni. Bakari alikaa pembeni yangu akaimba, vibaya sana, kwa sauti nzito.

Nilipiga ya kwanza, nikangoja. Binti yangu akaingia na wimbo wa mama yake, polepole, kwa mwendo wa betri inayokufa.